Maswali na majibu: Uvimbe ndani ya moyo

*Dada yangu, miaka 38, amepooza upande mmoja ghafla. Hana presha wala kisukari. Mtaani wanasema karogwa.*

Hao wa mtaani wamempima kwa kipimo gani? Mtu wa umri huo akipata kiharusi bila presha wala sukari, moyo wake ukaguliwe mapema. Mojawapo ya sababu ni miksoma, uvimbe laini unaoota mara nyingi katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo, ukining'inia kwa kikonyo. Si saratani, lakini humeguka, na kipande husafiri na damu hadi kwenye ubongo, figo au mguu. Mwombeni daktari kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Mganga atasubiri.

*Nilibandikwa nyaya kifuani, mistari ikatoka mizuri. Si inatosha?*

Haitoshi. Swali hili nalijibu kila mara! Nyaya husoma umeme wa moyo. Uvimbe huonwa kwa eko.

*Mke wangu akilala ubavu pumzi inakata, akikaa inarudi. Tuliambiwa ni vali.*

Yawezekana kweli. Vali ni mlango wa damu ndani ya moyo. Mafindofindo yasiyotibiwa utotoni yameharibu vali nyingi hapa kwetu. Lakini miksoma huiga ugonjwa huohuo: mwili ukigeuka, uvimbe huangukia mdomo wa vali na kuzuia damu. Hapo mtu huzimia, na wengine hufa papo hapo. Tena huleta homa za hapa na pale na kukonda, basi mgonjwa anamezeshwa dawa za malaria, kisha anashukiwa kifua kikuu, miezi inakatika. Akizimia hata mara moja, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Mpelekeni siku hiyohiyo.

*Kifua kinaniuma. Ni saratani ya moyo?*

Una miaka mingapi? Kinauma tangu lini? Hukusema. Saratani inayoanzia moyoni ni adimu mno. Inayofika huko ikitokea kwenye pafu au titi ndiyo nyingi zaidi. Kapimwe.

*Baba kakutwa na miksoma. Tujaribu dawa kwanza huku tukichanga?*

Changeni, dawa acheni. Hakuna kidonge wala mzizi unaouyeyusha uvimbe huo, na dawa za kuzuia damu kuganda haziuondoi. Unakatwa tu: daktari mpasuaji Clarence Crafoord aliutoa salama Stockholm, Sweden, mwaka 1954, na leo upasuaji wa kufungua moyo unafanyika Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Muulizeni daktari tarehe ya karibu kabisa, na ustawi wa jamii kuhusu gharama. Baada ya upasuaji arudi kwa eko kila anapopangiwa, maana huweza kuota tena, hasa kwa familia zenye ugonjwa huu. Kwa hao, watoto nao wapimwe.