Taarifa ipo ukurasa wa mwisho, chini ya ndoo na fagio

Swali lenu la wiki hii mliliuliza hivi: "Je, shule za sekondari zinawapa wazazi taarifa za kutosha kuhusu taratibu za shule na maandalizi ya chuo, au wazazi ndio hawafuatilii?" Nimelisoma nikiwa ghalani nasubiri lori. Nusu ya kwanza sikuwa na ugomvi nayo. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonikalisha chini niandike, maana huku Newala, mkoani Mtwara, tumeshaisikia mpaka imetuchosha: mzazi wa Kusini hapendi shule, mzazi wa Kusini akili yake iko kwenye korosho na unyago, ukimwita kikao haji.

Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Hao wazazi wasiofuatilia ndio ninaowapimia korosho kila msimu, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze wanavyofuatilia. Siku ya mnada, jua halijazama, bibi asiye na simu anajua bei ya juu imefika ngapi na ya chini ngapi. Anajua ghala lipi limeuza na lipi limebaki. Anajua makato yote kwa kilo, ushuru wa halmashauri kiasi gani, wa chama kiasi gani, na nikikosea hesabu ananishika shati. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa stakabadhi na analipwa zikishauzwa mnadani, ulipoletwa huku mwaka 2007, walikuwepo waliosema mkulima hatauelewa. Ameuelewa mpaka ananisahihisha mimi niliyesomea. Mwaka 2018, serikali iliposema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakaja kwa uhakiki, kila mtu kijijini alijua orodha yake imefika hatua gani. Watu wa namna hiyo huwezi kuniambia hawasikii taarifa.

Wanasikia kwa sababu inasomwa kwa sauti pale walipo, inabandikwa ubaoni, na aliyeisoma yupo, unamuuliza anakujibu. Sasa linganisheni na shule. Mzazi wa sekondari huku akiitwa, moyo unamdunda, kwa sababu anaitwa kwa mchango wa chakula cha mchana au mtoto kakosa. Kikao cha wazazi kikifanyika, saa mbili ni za michango na dakika kumi za mwisho ndipo mwalimu wa taaluma anasimama na karatasi yake, watu wameshaanza kuvaa viatu.

Mambo makubwa yanapita kimyakimya. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, warudi kwenye shule za kawaida. Miaka miwili baadaye nilimsikia mama mmoja hapa kwetu akisema mwanawe "alishafukuzwa na serikali". Hakufukuzwa na mtu. Hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba mlango umefunguliwa, na mtoto yuko nyumbani anauza maandazi. Au chukueni Selform, fomu ya machaguo. Mtoto wa kidato cha nne anajaza tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, na vyuo anavyotaka, mzazi anakuja kusikia tu kuwa kachaguliwa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) mkoa fulani. Matokeo yakitoka, kuna kipindi cha kubadilisha machaguo, kinafunguliwa na kinafungwa, na wanaojua ni wenye ndugu walimu. Kidato cha sita ndiyo usiseme. Mzazi anashangilia "divisheni tatu", hakuna aliyemfafanulia kwamba chuo kikuu kinatazama pasi kuu mbili, yaani masomo mawili aliyopata kati ya A na E, kwamba A ina pointi 5 na E ina 1, na kwamba kwa kawaida hizo mbili zisipofika 4 mtoto aanze kutazama stashahada.

Lakini naona nimeanza kuhutubia. Niwaeleze lililonipata mimi, au tuseme lililompata mpwa wangu, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mpwa huyu ni mtoto wa dada yangu. Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wangu, hilo wasomaji wa Mtwara na Lindi sina haja ya kuwaeleza. Jando, unyago, mahari, ada, yote yanapita kwa mjomba. Baba yake yupo, ni mtu mzuri, ila alivuka Ruvuma kutafuta maisha upande wa Msumbiji na huko ndiko aliko hadi leo. Binti alifaulu kidato cha nne, akapangiwa kidato cha tano shule ya bweni mkoa wa mbali, siku nzima kwenye basi na usiku juu yake. Alimaliza kidato cha sita mwaka 2022. Mwaka huo bajeti ilisomwa Juni, ikatangazwa kwamba ada ya kidato cha tano na sita imefutwa. Redio ikasema, watu wakapokezana, na kufika kijijini habari ilikuwa imeshakua: elimu bure mpaka chuo kikuu. Dada yangu akashukuru Mungu, akaona kazi imekwisha.

Binti alikuwa ameshaondoka kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Hapo ndipo wengi hawapafahamu. Mtihani unaisha Mei, mtoto anaingia kambini, matokeo yanatoka Julai yeye yuko kwenye gwaride, na maombi ya chuo na ya mkopo nayo yanafunguliwa miezi hiyohiyo. Maana yake wa kuhangaikia makaratasi ni familia. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mdhamini apatikane, mwenye kitambulisho na picha ndogo. Kiongozi wa kijiji agonge muhuri. Shilingi 30,000 za maombi ya mkopo zilipwe. Na huku kwetu Julai na Agosti ni miezi ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Mkulima yuko shambani na pampu mgongoni, uso umefungwa kitambaa, mfukoni hana kitu, kwa sababu pesa ya korosho haijulikani kabla ya Oktoba.

Binti alipata nafasi ya kupiga simu jioni moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama, kwema huko?"

"Kwema. Mjomba, wenzangu wanasema vyeti vyao vimeshahakikiwa. Changu vipi?"

"Kuhakikiwa ndiyo nini?"

Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunieleza bila kunivunjia heshima. Kisha akasema yote harakaharaka, maana simu haikuwa yake. Nikaandika nyuma ya kitabu cha stakabadhi.

Kesho yake nikaenda kwa dada. Cheti kilikuwepo, kimekunjwa ndani ya kanga, safi kabisa. Nikakipeleka steshenari mjini. Kijana wa steshenari akakitazama, akatazama na matokeo ya kidato cha nne kwenye kompyuta, akanitazama mimi.

"Mzee, hawa ni watu wawili."

Jina la binti lina r katikati. Shuleni liliandikwa kwa r. Kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa kwa l, kama tunavyolitamka sisi. Aliyelitaja alilitaja Kimakonde, aliyeandika akaandika alichosikia, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeona tatizo kwa sababu nyumbani hakuna anayeitamka hiyo r. Kijana akanishauri niende kwa wakili nipate hati ya kiapo kwamba huyu wa l na huyu wa r ni mtu mmoja.

Nikaenda kwa wakili. Akataka mzazi aape. Mzazi yuko shambani na pampu. Nikarudi, nikamchukua dada na pikipiki, amevaa khanga zake za sikukuu kama anakwenda harusini, akaapa. Njiani kurudi akaniuliza, "Sasa nimeapa nini?" Nikamwambia umeapa kwamba mwanao ni mwanao. Akacheka mpaka bodaboda akageuka. Tukamtafuta mtendaji wa kijiji kwa ajili ya muhuri, yuko semina. Aliporudi semina, akaenda msibani. Mdhamini nikawa mimi. Picha nikapiga nikiwa na vumbi la ghala kwenye nyusi, na ndiyo iliyokwenda. Binti alitoka kambini dirisha la mkopo likikaribia kufungwa, akasaini sehemu yake, tukapandisha fomu usiku mtandao ulipotulia, kijana wa steshenari akikataa soda kwa kuwa alishakunywa nne za wateja wengine wenye shida ileile.

Majina ya wenzake waliopata mkopo yalitoka awamu ya kwanza. Yeye aliingia awamu ya baadaye, na si kwa asilimia zote. Chuo kilifunguliwa kabla mnada haujatulipa, kwa hiyo nauli na kodi ya chumba nilikopa. Amemaliza mwaka jana, alhamdulillahi.

Kisa ningekiishia hapo, lawama ikabaki shuleni, na nilipoanza kuandika ndivyo nilivyokusudia. Nilitaka kusema shule ile ilitutelekeza, haikutuma hata ujumbe mmoja. Ila ukweli wake una tumbo, una mengine ndani. Msimu uliofuata dada alitaka nimtafutie stakabadhi ya zamani, akanipa sanduku lote. Ndani yake, chini ya makaratasi ya korosho, nikakuta fomu ya kujiunga na kidato cha tano, ile aliyopewa binti miaka miwili kabla. Ukurasa mmoja umechakaa kwa kushikwashikwa, ule wa vitu vya kuja navyo: godoro la futi mbili na nusu, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, fagio, rimu ya karatasi, sare kwa mshono wa mchoro. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mpya. Hapo, baada ya onyo kuhusu simu na nywele, pameandikwa kwamba mwanafunzi ahakikishe majina kwenye cheti cha kuzaliwa yanafanana na ya vyeti vya shule kwa ajili ya maombi ya baadaye.

Mstari mmoja. Upo. Na binti akaniambia kwamba siku ya mahafali mkuu wa shule aliusema tena kwenye kipaza sauti, na ujumbe wa simu ulitumwa kwa wazazi wote. Kwetu ulikwenda kwa namba ya baba, iliyoandikwa tangu anaripoti, na namba hiyo tangu baba avuke mto haijawahi kuita.

Kwa hiyo mkinibana nijibu swali lenu kwa neno moja, jibu langu ni ndiyo, shule zinatoa taarifa. Nimeshangaa mwenyewe kuliandika hilo baada ya yote niliyosema juu. Zinatoa, ila zinazitoa kwa mtu aliyeandikwa kwenye daftari, na huku kwetu aliyeandikwa si lazima awe anayelipa wala anayeamua. Na zinazitoa zote kwa pamoja, la chuo limebanwa kati ya ndoo na adhabu ya kunyoa.

Nilikuwa na pendekezo langu tayari, kwamba taarifa hizi zisomwe kwenye mikutano ya AMCOS na ya kijiji kama tunavyosoma bei. Sasa nalitilia shaka. Mkutano wa AMCOS nina uzoefu nao. Watu wakiwa na hasira ya malipo yaliyochelewa, ukisimama kuwaeleza habari za RITA utarushiwa kandambili. Na mambo mengine ya mtoto hayafai kusomwa mbele ya watu. Makundi ya WhatsApp ndiyo kabisa. Nimo kwenye moja. Taarifa ya shule ikiwekwa asubuhi, mchana imefunikwa na salamu za Ijumaa, pole za misiba na mtu anayeuza viwanja, na nusu ya wazazi wana simu za kitochi.

Ningeridhika na karatasi moja, tofauti na ile ya ndoo, yenye miezi tu: Mei hiki, Julai hiki, kabla mtoto hajaingia JKT hiki. Apewe mtoto akiwa kidato cha tatu, asomewe darasani, aambiwe aisome nyumbani kwa sauti. Na kila Januari shule iulize upya namba ya simu. Sizisemei shule za binafsi, sizijui. Na mkuu wa shule mwenye walimu wa hesabati wawili na watoto mia kadhaa simlaumu akisahau kuniandikia. Labda kazi hiyo ingekuwa ya bodi ya shule, ambayo nayo, kwa ninavyoiona, inakutana wakati wa kugawana lawama za matokeo.

Dada ana mtoto mwingine, yuko kidato cha tatu shule ya kutwa hapahapa. Mwezi uliopita nilikwenda shuleni kwake kuomba namba yangu iwekwe badala ya ile ya baba. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti. Nikaambiwa utaratibu unataka baba mwenyewe afike, au aandike barua.