Yiheyuan na mama anayeumwa magoti

Dada, umeuliza kama nusu siku inatosha kumtembeza mama Yiheyuan, kasri la kiangazi la wafalme wa zamani wa China kule Beijing, na magoti yanamsumbua. Inatosha kabisa, ila msiingilie lango la kaskazini: mtakutana na ngazi za kilimani mapema mno. Shukeni metro kituo cha Xiyuan, ingieni lango la mashariki, mfuate ukingo wa ziwa Kunming. Pasipoti msisahau. Ukumbi Mrefu, njia ya kutembea iliyoezekwa paa kando ya ziwa, una mita 728, na pembeni kuna mabenchi. Mama akiketi, mwambie ainue macho: boriti zimejaa ndege, maua, watu wa hadithi za kale. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipachoma mwaka 1860, pakajengwa upya. Kupanda mnara wa hekalu ulio kilimani kuacheni. Mimi naupenda zaidi nikiutazama kutoka ng'ambo ya ziwa.