Mkuu, usiuze hiyo mashine ya dizeli kwa sababu ya bei ya mwezi mmoja

Simama hapo hapo. Kama hujapokea pesa ya mteja, usipokee. Kama umepokea, mrudishie leo.

Umeandika kwamba una boti ya mbao ya futi 32 Pangani, ya ringineti (nyavu za kuzungusha samaki usiku), ina mashine ya ndani ya dizeli. Umeona bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, mwezi huu zimeiweka dizeli juu ya petroli, mtu amekutajia bei nzuri ya mashine, na unataka kupachika mbili za petroli za nguvu farasi 40 nyuma. Nimesoma tumbo likanikata, maana hicho ndicho nilichokifanya mimi Kilwa, Januari 2023. Hata hizo 40 mbili ni zile zile.

Nikwambie ilivyokuwa. Urusi iliingia Ukraine Februari 2022. Ulaya ilikuwa inategemea sana dizeli ya Urusi, ikaanza kuitafuta kwingine, na sisi tunaoagiza kila tone kutoka nje tukajikuta tunagombania soko hilo hilo. Kufika mwisho wa mwaka dizeli ilikuwa imeipita petroli kwa mamia ya shilingi kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nilikuwa naisubiri bei mpya kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mimi ndiye tajiri wa boti, mabaharia 18 wananitazama, na kila wakirudi gharama ya mafuta imekula nusu ya mauzo.

Hapo ndipo akatokea muuzaji mmoja wa mashine, Dar es Salaam. Sitamtaja. Alinikalisha kwenye kiti, akaninunulia soda, akachukua kikokotoo akapiga bei ya dizeli kutoa bei ya petroli, akanionyesha tofauti. "Tajiri, kila lita unaokoa hii." Ndiyo hesabu yote aliyonifanyia. Hakuniuliza boti yangu ina uzito gani, inabeba nini, inatembea saa ngapi. Na fundi niliyekwenda naye, mtu niliyemwamini miaka sita, alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Baadaye nikasikia alikuwa na cha juu chake pale. Huyo fundi alijua. Muuzaji wa dukani pengine hajawahi kulala baharini usiku mmoja, lakini fundi alijua kabisa mashine hizo zinakunywa kiasi gani, akanyamaza. Mpaka leo tukipishana dikoni, pale boti zinaposhushia samaki, simsalimii, na mama yangu ananigombeza kwa hilo.

Sasa sikiliza. Bei ya lita haikwambii kitu mpaka ujue lita ngapi zinaingia kwenye safari moja. Mimi nilikuwa na daftari la dizeli, ila sikulifungua siku ile. Safari yangu ya kawaida, kutoka Kilwa Masoko kwenda pande za Songosongo, kuzungusha nyavu na kurudi, mashine inaunguruma kama saa 8. Dizeli ilikuwa inakula wastani wa lita 40. Nilipofunga hizo mbili za petroli, safari ile ile, nyavu zile zile, watu wale wale: lita 92.

Weka bei za mfano, wewe utaweka za kwako. Dizeli 3,200, petroli 2,850. Dizeli lita 40 ni 128,000. Petroli lita 92 ni 262,200. Bado oili! Mashine hizi nyingi ni za mchanganyiko, oili moja kwa petroli hamsini, yaani mililita 400 kwa kila dumu la lita 20. Lita 92 zinataka karibu lita 1.8 za oili, na kwa 12,000 lita moja, hiyo ni 22,000 nyingine. Jumla 284,000. Kila usiku nilikuwa namwaga baharini 156,000 zaidi, huku moyoni naamini nimekimbia mafuta ya bei ghali. Kwa safari 18 za siku za giza, usiku usio na mbalamwezi, ni zaidi ya milioni 2.8 kwa mwezi mmoja. Niligeuza hesabu nione petroli ingepaswa kuuzwa shilingi ngapi ili tulingane: chini ya 1,200. Umewahi kuiona bei hiyo miaka hii? Mimi sijaiona.

Kwa nini iko hivi? Lita ya dizeli yenyewe ina nguvu zaidi ya lita ya petroli, zaidi ya asilimia 10. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni mashine. Dizeli inabana hewa sana, inachoma karibu kila kilichoingia, na inazungusha pangaboi kubwa polepole. Petroli ya mchanganyiko ya kabureta sehemu ya mafuta inatoka na moshi kabla haijaungua, ndiyo ule utando wa rangi unaouona juu ya maji nyuma ya boti. Na pangaboi lake dogo linazunguka mbio. Kwenye boti nyepesi ya faiba inayoruka juu ya maji, sawa. Kwenye boti ya mbao yenye tumbo, iliyobeba nyavu zilizolowa, barafu na watu, linakoroga maji tu. Boti kama yako haikimbii kwa kuongezewa mashine. Ukifika mwendo wake inaanza kuchimba, tezi (nyuma ya boti) inazama, na unachoongeza ni mafuta. Mimi nilipata mwendo mdogo sana wa ziada. Tulikuwa tunawahi mnadani kwa dakika 25. Dakika 25, mkuu, kwa 156,000.

Sasa mabaharia. Unajua mgawo wetu: gharama za safari zinatoka kwanza, kinachobaki ndicho tunagawana. Kwa hiyo makosa yangu walilipa na wao, na wao hawakuulizwa wala hawakunywa soda ya mtu. Mwezi wa kwanza walivumilia. Mwezi wa pili nahodha wangu, mzee aliyenifundisha bahari hii, alikuja nyumbani jioni, akakaa barazani, akasema, "Mwanangu, vijana wana watoto." Wiki ile ile saba wakahamia boti nyingine. Dikoni wakaibandika boti yangu jina, wakaiita Sheli. Wacheke. Wawili kati ya waliocheka wameshakuja kuomba nakala ya daftari langu kabla ya kununua mashine, na nimewapa.

Halafu kilichoniuma zaidi: ilipofika katikati ya 2023 dizeli ikawa imeshashuka chini ya petroli. Miezi michache tu! Bei inabadilika mara 12 kwa mwaka, mashine unakaa nayo miaka 10. Niliuza mashine ya miaka 10 kwa sababu ya bei ya miezi sita. Niliiuza milioni 6.5, nikanunua mbili za petroli kwa milioni 17, nikamlipa fundi wa kuunda akaziba tundu la shafti na kuimarisha tezi. Nilipotaka kurudi, zile mbili zilitoka kwa milioni 10.5. Yule wa Mafia aliyenunua mashine yangu nilimpigia nikamsihi anirudishie, akasema haiuzi hata kwa milioni 10. Nikanunua nyingine iliyotumika, milioni 8, na tundu la shafti likatobolewa upya. Piga hesabu mwenyewe, mimi nikiipiga silali.

Na kuna jambo ambalo halimo kwenye kikokotoo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kukaa humo. Boti za ringineti tuna jenereta ya taa, tuna jiko la kupikia, tuna wavuta sigara. Madumu matano ya petroli kati ya watu 18 usiku ni kitu kilichonifanya niwe nakesha mimi nisiyekwenda baharini.

Petroli ina mahali pake, sikatai. Ngalawa, boti ndogo ya faiba, boti ya kuvusha watalii mwendo mfupi, au pwani ambapo lazima uinue mashine kila siku kwa ajili ya maji kupwa. Ya kwako si hiyo.

Kwa hiyo fanya hivi, na usimsikilize mtu mwingine kabla hujafanya: jaza tanki mpaka shingoni, nenda safari na mzigo kamili, ukirudi lijaze tena kwa dumu lililopimwa, andika zimeingia lita ngapi. Fanya safari tano, ziwemo za bamvua (maji makubwa) na za maji mafu (maji madogo), na kama kusi, upepo wa kutoka kusini, limeshaanza vizuri zaidi, maana boti inakula tofauti ikipigwa na upepo wa mbele. Kisha mtafute mwenye boti ya futi kama zako anayetumia petroli, siyo muuzaji, siyo fundi, mwenye boti anayelipa mwenyewe, akuonyeshe zake za safari tano. Lita kwa safari kwanza. Bei ya lita utaizidisha baadaye, ya mwezi huu, ya mwezi ujao, hata ya mwaka 2022 ukitaka.

Usilegeze bolti hata moja kabla ya hapo. Leta hapa lita za safari zako tano, nitakaa nawe tuzipige hesabu pamoja. Na huyo aliyekutajia bei nzuri ya mashine yako, muulize: kama dizeli ni hasara, yeye anaitakia nini?