Anti, hizi buku buku kweli zitanitoa?

Mwezi huu meseji zenu karibu zote zimekuja na swali moja kwa sura tofauti, eti haya mambo ya kidogo kidogo kweli yanabadilisha maisha au tunafarijiana tu. Haba na haba hujaza kibaba tumeimbishwa tangu darasa la kwanza, ila hakuna aliyetuambia ni haba ipi, maana nyingine unaweka miaka yote na kibaba hakioni kitu. Nimechagua meseji nne, nyingine zisubiri toleo lijalo.

Mwangaluka anti. Mimi nafanya dagaa hapa Igombe, Mwanza, nanunua mbichi alfajiri mitumbwi ikirudi, naanika, zikikauka nauza kwa gunia soko la Mwaloni Kirumba. Mwenzangu ananiambia niweke buku kila siku kwenye kibubu, mwaka ukiisha nina laki tatu na sitini na tano elfu. Nimejaribu nikashindwa, nikajaribu tena, kila ikifika mbalamwezi navunja. Sasa watoto wale nini? Mimi ndo sina nidhamu au? (Mama Dagaa, Igombe)

Mwangaluka mayu. Nidhamu unayo, mtu anayekuwa ufukweni saa kumi alfajiri na ndoo mkononi hawezi kuambiwa hana nidhamu, labda na mtu anayeamka saa tatu. Kosa ni la mpango wenyewe. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa kwa taa, zamani karabai siku hizi nyingi za sola, na taa inawavuta kukiwa na giza, mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga umesambaa kila mahali dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanavuta mitumbwi juu wanashona nyavu, siku kama kumi hivi mwalo umelala. Hela yako inakuja kwa giza, haiji kwa siku. Sasa buku ya kila siku ni mpango wa mtu wa genge la nyanya, wewe ukiuvaa lazima upasuke palepale kila mwezi.

Hesabia gunia. Kila gunia linalouzwa elfu tano inakatwa kabla hujatoka Kirumba, hapohapo kwenye simu, kabla hujaona kitenge. Tuseme giza zuri unauza magunia kumi, hiyo ni elfu hamsini, na kwa mwaka giza ziko kama kumi na mbili kwa hiyo unaongelea laki sita, hata zile mbaya zikiharibu nusu bado uko karibu na kibubu cha mwenzako na hujavunja kitu. Halafu weka fungu lingine dogo la mbalamwezi lenyewe, hilo ni la kula, lipe jina kabisa, maana ukichanganya akiba na chakula kwenye mfuko mmoja chakula kitashinda na kina haki ya kushinda.

Ila mayu mimi ningekuwa wewe nisingeanzia kwenye kuweka, ningeanzia kwenye kuanika. Hujaniambia unaanika wapi, wengi hapo mnamwaga kwenye mchanga. Nenda siku moja Mwaloni usiuze, simama tu umwangalie mnunuzi wa mbali, wale wanaopeleka Kongo au Burundi. Anazamisha mkono katikati ya gunia, sio juu, anatoa konzi moja, anasugua kwenye viganja, anapuliza, halafu anaangalia kilichobaki kiganjani. Kama ni mchanga umeshajua bei yako kabla hajafungua mdomo, na mara nyingi za hivyo zinaishia kwenye chakula cha kuku. Za kwenye chanja anatafuna moja hapohapo.

Chanja ni miti na wavu mkuukuu uliokazwa usawa wa kiuno, basi. Hewa inapita chini na juu, dagaa zinakauka upesi, kuku hazifiki, na mvua ikitokea unatupia turubai badala ya kukimbilia mchangani kuzoa uji. Usijenge kumi kwa mpigo kwa hela ya mkopo, jenga moja giza hili, uziweke dagaa zake gunia lake peke yake, uone tofauti ya bei kwa macho yako, tofauti hiyo ijenge ya pili. Hapo ndo naona kidogo chenye maana, kile ambacho kesho kinakulipa ufanye kingine. Kibubu hakifanyi hivyo, kibubu kinakaa tu.

Shikamoo anti. Nauza maandazi na chai Mabatini. Nilikopa laki moja nirudishe elfu tano kila siku mwezi mmoja, nikaona ndogo, siwezi kushindwa elfu tano. Sasa nina mikopo mitatu, wa pili niliuchukua kulipa wa kwanza. Mume hajui. (Msomaji, Mabatini)

Marahaba mwanangu. Huo ndo mkopo wanaouita kausha damu, na jina limekaa mahali pake. Elfu tano mara siku thelathini ni laki na nusu, umelipa nusu nzima juu, tena ile laki hukukaa nayo mwezi mzima kwa sababu kila jioni unairudisha kipande, kwa hiyo riba yenyewe hasa ni kali kuliko hata hiyo nusu. Wanaotoa wanaijua hesabu hii vizuri, ndo maana hawasemi asilimia, wanasema elfu tano tu. Mnaokaa huku mnayajua magugu maji, unaona kichaka kimoja pembeni ya mtumbwi unakipuuza, wiki mbili kimekuwa viwili, na siku unashtuka ni siku ambayo mtumbwi hautoki.

Fanya hivi, leo. Usichukue wa nne, hata kama anayekuletea anaongea kwa upole kama shemeji yako. Andika yote mitatu kwenye karatasi moja, ulichopokea mkononi (sio kilichoandikwa, maana kuna "fomu" walishakata), ulicholipa mpaka leo, kilichobaki. Waulize leseni, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mtu anayekopesha kama biashara anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na anayeshindwa kuionyesha huwa mwepesi zaidi kukaa chini mkapanga upya. Kisha panda ofisi ya kata, muone afisa maendeleo ya jamii, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatoka kwa vikundi vilivyosajiliwa, na haitoki haraka, sitaki nikudanganye, kwa hiyo hiyo ni ya kukuzuia usirudi huko, sio ya kulipia haya ya leo.

Na mumeo mwambie mwenyewe ukiwa na karatasi mkononi. Hao watu wakikosa marejesho wanakuja nyumbani na hawachagui muda.

Shikamoo anti. Mimi boda, kijiwe changu Buhongwa. Kuna motivesheno spika nilimsikia anasema ukijiboresha asilimia moja kila siku mwaka ukiisha uko mara 37. Ni kweli? Niko kwenye mkataba, hesabu ya bosi elfu kumi kila siku Jumapili napumzika, imebaki miezi minne pikipiki iwe yangu. Ila mikeka ya kubeti siachi, buku asubuhi buku jioni, naona ni hela ya soda. (Kijana wa Buhongwa)

Marahaba kijana. Kwenye kikokotoo ni kweli, 1.01 ukiizidisha yenyewe mara 365 inatoka 37 na ushee. Kwenye pikipiki sasa! Ungekuwa dereva mara 37 abiria angekuwa anashuka Kisesa kabla hajapanda Buhongwa. Binadamu hakui kwa riba, anapanda anakaa palepale anashuka kidogo anapanda tena, kwa hiyo hiyo hesabu waachie wenye kumbi.

Hesabu yako wewe ni tamu kuliko ya spika na hujaiona. Elfu kumi, siku sita, wiki 52, hiyo ni milioni 3 na laki moja na elfu ishirini, na umeitoa wewe ambaye ukiulizwa utasema huwezi kuweka akiba. Umeweza kwa sababu gani? Kuna mtu anaisubiri jioni, na usipoipeleka anachukua chombo. Mikeka nayo, buku mbili kwa siku ni laki saba na elfu thelathini kwa mwaka, mimi sijui soda gani hiyo. Tena hiyo haisubiriwi na mtu ndo maana haikuumi, ingekuwa bosi anaidai kila jioni ungeshagoma zamani.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya mikeka ni ile siku ya kwanza baada ya mkataba. Jamaa wengi wakishamaliza wanapumua, elfu kumi inarudi mfukoni, miezi miwili haionekani imeenda wapi, pikipiki inaanza kudai tairi na cheni na oili, mtu anauza chombo anarudi kwa bosi mwingine kuanza sifuri. Wewe mkono umeshazoea, usiuzoeshe upya. Siku ileile bosi anapokukabidhi kadi, jioni yake toa hesabu kama kawaida ila sasa mpelekee mama yako au mweka hazina wa kikundi chenu cha kijiwe, mtu mkali asiye na huruma na wewe. Sio lazima iwe yote, hata elfu tano ukiendelea na siku zako sita ni milioni moja na nusu na zaidi kidogo kwa mwaka. Mkeka wa asubuhi uache kwanza, wa jioni tutaongea ukinitumia picha ya kadi.

Habari za kazi anti. Ni mwalimu, nakaa Usagara nafundisha Sengerema, kila siku naenda na kurudi. Enzi za kivuko nilikuwa nasoma sana, nilijiunga Chuo Kikuu Huria na nusu ya masomo nimesomea kwenye foleni ya Kigongo. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe nafika mapema lakini sisomi kabisa, kitabu kina vumbi. Nimeambiwa nijilazimishe siku 21 tabia itarudi. Kweli? (Mwalimu)

Salama mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Hii barua nimeipenda kwa sababu watu wote walilifurahia daraja Juni 2025, kilomita tatu dakika chache umevuka, na wewe peke yako umeandika kwamba limekunyang'anya kitu.

Siku 21 ziache. Ilianzia kwa daktari mmoja Mmarekani wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau kama siku 21 kuizoea sura mpya, watu wakalitupa lile neno "angalau" wakabaki na namba. Waliokuja kupima tabia zenyewe ni Phillippa Lally na wenzake pale University College London, utafiti wao ulitoka 2009, watu 96, kila mmoja na kajambo kake kadogo kama kula tunda mchana, wastani ukawa siku 66, wa haraka 18, na wapo waliokadiriwa mpaka 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu, kwa hiyo ukikosa Jumanne usitangaze msiba.

Kilichokuwa kinakufanya usome haikuwa nguvu ya moyo mwalimu, ilikuwa foleni. Gari limesimama, huna pa kwenda, kitabu kiko kwenye mapaja, ukasoma. Foleni imeondoka na kusoma kumeondoka nayo, sasa ukijilazimisha saa tatu usiku nyumbani umechoka watoto wanataka msaada wa hesabu utashindwa tu na utajilaumu bure. Tafuta foleni nyingine. Na unayo, hiace ya kurudi pale stendi Sengerema haiondoki mpaka ijae, kila jioni unakaa humo unangoja. Ukishakaa kwenye siti na kumpa konda nauli, fungua kitabu, hata ukurasa mmoja, gari likiondoka funga, usisome linatembea utatapika. Kitabu kibebe mkononi kisizame kwenye begi la madaftari ya wanafunzi, na simu ndo iende chini kabisa ya hilo begi, maana konda akianza kuita "wawili tu wawili tu" na gari nusu tupu, kidole kinaenda chenyewe kwenye status.