Ami alikula mikarafuu, masurufu je?

"Shikamoo bibi. Nina miaka 34, kwetu Konde, Pemba, ila nakaa Mwanakwerekwe. Baba alifariki nikiwa na miaka 22. Ami yangu akauza mikarafuu yote, mimi na dada yangu hatukupata hata pishi moja. Tangu hapo sijanyanyuka. Hotelini meneja alinionea, kwenye useremala tajiri alinidhulumu, na sasa mke wangu kachukua watoto karudi kwao Chake Chake, ati kachoka. Kwa nini kila mtu ananigeuka?"

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ami yako, maana hapo una haki na sitaki mtu akwambie usahau. Mtu akifa akaacha mtoto wa kiume, ndugu zake hawarithi. Kwa mirathi yetu Waislamu, ami yako hakuwa na fungu hata la vikonyo. Mali ile, yakishatoka madeni, wasia na fungu la kila mrithi mwengine, ilikuwa yenu: wewe mafungu mawili, dada yako moja.

Lakini miaka 12 imepita. Barua yako ina kurasa tano, na sikuona pahala uliposema umekwenda kwa kadhi, wala Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wala hata kwa sheha kuuliza. Umeandika tu kwamba "ami ana watu". Huenda anao. Hujajaribu, na dada yako miaka yote hiyo anakusubiri wewe. Panda boti Malindi, ushuke Mkoani, mwende pamoja mkafungue madai.

Ya meneja na tajiri siyajui, sikuwepo.

Ya mkeo nayajua, kwa sababu umeyaandika mwenyewe, ukurasa wa nne, haraka haraka kama mtu anayepita penye tope. Miezi saba hukutoa masurufu. Yeye anaamka alfajiri kukaanga maandazi, wewe uko maskani, kijiweni na wenzio, mpaka adhuhuri, unasimulia ya ami. Mwanangu, huyo hakukugeuka. Alingoja, akachoka. Ami yako hakukutuma ukae maskani.

Najua inavyouma kusikia hivi. Nilipoachika nilikaa karibu mwaka nikihesabu makosa ya yule bwana, na yalikuwa ya kweli, sikuzua hata moja. Siku moja jua limeshapinduka, binti yangu wa miaka sita akanivuta kanga: "Mama, leo hatuli?" Jiko lilikuwa baridi. Baba yake hakuwepo siku ile, aliyekuwepo ni mimi. Nililia, kisha nikaenda kukopa unga kwa jirani. Uchungu wangu na yule bwana haukwisha siku ile, ulichukua miaka, lakini jiko sikuliacha tena baridi.

Wewe umesomea useremala Vitongoji, mikono unayo. Kesho usiende maskani. Zunguka kwa mafundi uombe kibarua, hata cha kupiga randa. Ukipata chochote, kitume Chake Chake kabla hujala wewe. Usingoje kiwe kingi. Fanya hivyo wiki baada ya wiki, wala usitume salamu za kulalamika pamoja na hizo fedha.

Kisha ndipo uende ukweni. Mbele ya baba mkwe usimtaje ami yako. Sema "nimekosa" na useme ulilokosa: miezi saba. Ukiona ulimi unataka kuongeza "lakini", nyamaza. Pengine mkeo atarudi, pengine hatarudi, hilo sikuahidi. Masurufu ya watoto unadaiwa vyovyote vile.

Na jambo moja limenikaa rohoni tangu niifunge barua yako. Jina la ami limo mara kumi na moja, nimehesabu. Watoto wamo mara mbili, "watoto" tu. Ukiniandikia tena, nitajie wanaitwa nani.