Mkuu, hayo matofali meupe mepesi usiyanunue

Kama hela hujatuma, usitume. Umesema nyumba uliyonunua Njombe ina jiko la kuni la chuma la zamani, matofali ya ndani yamepasuka, na muuzaji wa mtandaoni kakuonyesha matofali meupe mepesi "yanayovumilia nyuzi 1,260" za Selsiasi. Nimeona picha. Ndiyo yale yale yaliyoniliza mimi.

Jiko langu nalo ni la kale, chuma cha kasti, yaani cha kumiminwa kwenye kalibu. Nilimpigia muuzaji wa Dar, jamaa ana maneno matamu kuliko mganga wa sokoni. "Mzee, hayo uliyonayo yamepitwa na wakati, haya ndiyo ya kisasa, yanatunza joto." Na kinachoniuma ni kwamba hakusema uongo! Yanatunza joto kweli, na hizo nyuzi yanazivumilia. Ila yametengenezwa yawe na vitundu vitupu ndani ili joto lisipenye. Kazi yake ni kukaa nyuma ya ukuta wa tanuri, mahali ambapo hakuna kitu kinachoyagusa. Mimi nikayaweka mbele, yapigwe na magogo.

Moto wa kuni jikoni kwako kwa kawaida haufiki hata hizo nyuzi 1,260, kwa hiyo namba hiyo haikusaidii kuchagua. Tofali la jiko linauawa na gogo. Huku kuni zetu ni miti ya miwati, na miwati ni mizito. Nani anaingiza gogo la mwati kwa adabu saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba? Unasukuma kwa goti, linajipigiza ukutani, maisha yanaendelea.

Yalianza kumeguka kama biskuti kwenye chai. Mke wangu akizoa majivu anakuta chenga nyeupe, akaniuliza kama siku hizi napika chokaa. Nikacheka, nikaongeza kuni. Kumbe pembeni tofali moja lilishaisha, chuma kiko uchi na moto unakipiga moja kwa moja. Usiku mmoja bamba la chuma la ubavuni mwa jiko likapasuka kutoka juu hadi kwenye wavu wa majivu, moshi ukajaa sebuleni, tukalala madirisha wazi kwenye baridi ya Njombe. Unaijua au utaijua.

Halafu ndipo hela zikaanza kutoka kwelikweli. Kasti si nondo, haichomelewi hivi hivi. Fundi wa kwanza alichomelea kwa fito za kawaida, akadai pesa yake, akaondoka. Nilipowasha moto ufa ukatokea upya pembeni ya weldi yake. Kasti inatakiwa ipashwe joto taratibu kwanza, ichomelewe kwa fito za nikeli, kisha ifukiwe kwenye mchanga mkavu au majivu ipoe polepole. Fundi anayejua hivyo nilimpata mbali, na bei yake ilijua kwamba yuko peke yake. Yule wa Dar nilipompigia akaniambia labda kuni zangu ni mbichi. Kuni zangu!

Kwa hiyo nunua kwa MIZANI, achana na nyuzi. Tofali zito la udongo wa moto, yaani udongo unaostahimili moto, lile la kipimo cha kawaida cha sm 23 kwa 11.4 kwa 6.4, lina kilo tatu na nusu hivi. Lile jepesi la ukubwa huohuo ni kama kilo moja tu. Mwambie muuzaji aliweke kwenye mizani akutumie picha. Akianza kukuhadithia nyuzi, kata simu. Ukiwa dukani, likwaruze kwa ukucha. Likiacha mfereji, mrudishie.

Kwa huku Njombe, viwanda vya chai vinachoma kuni kwenye boila, na boila zina matofali mazito ya aina hiyo. Tafuta mafundi wanaozijenga, au wanaojenga tanuri za mikate, uwaulize wananunua wapi. Ila yaliyong'olewa kwenye tanuri la kiwanda cha saruji usichukue hata kwa bure: mengine yana kromu, na yakishatumika inaweza kuwa imegeuka sumu.

La jiko mara nyingi ni jembamba, sm 3 hivi, kwa hiyo hilo zito utalipasua katikati ya unene wake kwa grainda yenye diski ya kukatia mawe. Fanyia nje na uvae barakoa, vumbi lake linakula mapafu. Wakati wa kupanga acha upenyo kidogo, maana likipata moto linatanuka. Na saruji ya mfuko uliyoiulizia kwa kuungia matofali, hapana. Moto mkali unaivunja nguvu, inabaki unga.

Uliuliza na kamba ya kuziba mlango wa jiko na bomba la moshi, hayo wadau wengine watakujibu. Wewe pima hilo tofali kwanza, uzito ulete hapahapa kabla hujalipa.