Sugua pipa, usimwage maji tu

Watu wakitaja usafi wa nyumba, wengi huanza na sakafu. Mimi huanza na maji. Hapa Lamu tunaishi na maji ya kuweka. Yakija tunakinga: pipa uani, ndoo jikoni, jerikeni chini ya ngazi, tangi juu ya paa, birika la kujengwa chooni. Sakafu ikichafuka kila mtu anaona, lakini pipa hufunikwa, na likishafunikwa husahaulika. Ndiyo maana nikiulizwa na vijana wanaoanza nyumba zao, hasa mabinti zetu wanaoolewa na kukabidhiwa uani mpya, huwaambia waende kwanza wakafunue vyombo vya maji, watie mkono, wapapase kuta zake kwa ndani.

Waliokuwapo Lamu mwaka 2004 hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mvua zilikuwa zimetupa mgongo, maji yakawa ya kubana, vyombo vikakaa muda mrefu bila kujazwa upya wala kuoshwa. Chikungunya, homa ya mbu inayoumiza viungo, ikaingia, na kufika Julai hapakuwa na mtaa uliosalimika, Mkomani wala Langoni. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 75 ya watu wa Lamu waliambukizwa. Kwetu tulilala mmoja baada ya mwingine. Mama aliamka asubuhi hawezi kukunja vidole kushika kikombe, tukawa tunamshikia akinywa. Homa ilimwacha baada ya siku chache, lakini viungo viliendelea kumuuma kwa miezi. Baadaye ugonjwa ukavuka bahari hadi Komoro.

Mbu anayeeneza ugonjwa huu, ambaye ndiye anayeeneza na dengi, anaitwa Aedes aegypti. Ni mweusi, miguu ina mabaka meupe, na huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitakukinga naye. Hahitaji kidimbwi kichafu. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya nyumba, hata yale masafi uliyoyachota kwa jasho lako. Hutaga mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji yanapoishia, na mayai hayo hushika. Ukimwaga maji yote ukaliacha pipa likauke juani, mayai yanaweza kukaa pale miezi yakisubiri. Siku ukijaza, yanaanguliwa. Katika joto letu, siku saba hadi kumi zinatosha kutoka yai hadi mbu arukaye.

Basi kumwaga hakutoshi. Sugua, na usugue kila wiki, kabla ya yai kufika kuwa mbu. Mimi hutumia kumbi la nazi. Subiri maji yapungue, inamisha pipa, bakisha maji kidogo chini, paka kumbi sabuni ya kipande au mchanga msafi, kisha zungusha mkono kwenye ule mstari unaoachwa na maji. Hapo ndipo penye kazi. Utasikia kwa vidole: penye utando panateleza, na ukishautoa, ukuta unakwaruza. Usisahau chini ya ukingo, pale mdomo wa pipa unapopinda, maana jicho halifiki. Suuza mara mbili, mwaga mbali na mlango. Ukijaza, tandaza kipande cha kanga kuukuu mdomoni, ukikaze kwa mpira, ndipo uweke kifuniko. Mbao peke yake huacha upenyo, na mbu hahitaji zaidi ya upenyo. Tazama na nyuma ya jiko: vifuu vya nazi na makopo yaliyotupwa hukinga mvua vilevile.

Kwenye birika la chooni wazee wetu waliweka samaki wadogo ili wawale viluwiluwi wa mbu, na chini wakazamisha bakuli la kauri, ili birika likikaushwa kwa kuoshwa, samaki wabaki na maji. Ni busara iliyo hai. Mwenye birika la zamani na alifanye vivyo hivyo, akijua kwamba maji yale ni ya kuoga na kutawadha, si ya kunywa.

Ya kunywa yana chombo chake. Jerikeni lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo, kwa sababu mkono haupiti. Kama ni mtungi, kata iwe na mpini mrefu na ining'inizwe, isilazwe chini wala isitumike kunywea. Ukiyachemsha, ngoja yatokote sawasawa kwa dakika moja, kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Wako wanaofukiza mtungi kwa ubani, na maji yake yana ladha ya pekee, lakini ubani hauui vijidudu vya kipindupindu. Chemsha, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Na mikono. Sisi ni watu wa sinia moja, mikono sita kwenye wali mmoja, na sitaki desturi hii ife. Nataka tunawe kama inavyoistahiki. Mtu ashike jagi amwagie mwenzake, sabuni ipite mkononi, maji yatiririke, yaingie kwenye beseni na yasiguswe tena. Kunawa watu wote ndani ya bakuli moja ni kugawana uchafu wa aliyetangulia. Na tuseme wazi: sisi hujitakasa chooni kwa maji, kwa hiyo ukitoka huko sabuni ni lazima. Udhu ni ibada, lakini hauna sabuni ndani yake. Viatu navyo viishie dakani, pale kwenye kibaraza cha mlangoni, maana barabara zetu ni za punda na mifereji ya wazi.

Lipo jambo moja ambalo pipa lako peke yake halitalimaliza. Nyumba za mji wetu zimegusana ukuta kwa ukuta, na mbu huyu haendi mbali na alipozaliwa, lakini kwa jirani anafika. Zipo nyumba nyingi zinazofungwa msimu mzima, wenyewe wako Mombasa au ng'ambo, matangi yao yako juu, vifuniko vimepeperushwa na kusi. Kama jirani yako ni wa namna hiyo, mpigie simu umwombe ruhusa ya kupanda. Na kama wewe ndiye mwenye nyumba, kabla ya kusafiri kausha matangi, yasugue, yafunike kwa wavu, kisha mwachie jirani ufunguo wa mlango wa juu.